Samaki Aliyezimika wa Anselmi

Milimani, Jumanne

Na aliniita ua lake mbele ya watu wote! Anselmi, mume wangu. Sichoki kuliandika neno hilo.

Lakini Mjomba alinikera. Ardhi ya ukoo wetu iko mikononi mwake, na leo alikuja kumpima Anselmi kabla ya kutukatia shamba. Anselmi, kwa furaha, akamwonyesha chupa aliyopewa na Mjerumani mmoja, mtaalamu wa viumbe vya baharini, aliyesafiri naye alipokuwa baharia katika meli ya kupima kina cha bahari. Ndani, kwenye spiriti ya kumhifadhi asioze, yumo samaki mdogo waliyemvua chini kabisa, kusikofika jua.

"Alikuwa anawaka kama taa, Mjomba."

Mjomba akaigeuza chupa. "Mbona mweusi kama chungu cha maharage? Mimi mwongo simpi ardhi."

Anselmi wangu akainama. Nikasema moyoni, hapana, kwa hili sikubali!

Giza lilipoingia nikakamata kimulimuli kwenye migomba. Nikamwonyesha Mjomba jinsi anavyowaka kiganjani mwangu, kisha nikamtumbukiza kwenye kikombe chenye spiriti kidogo niliyomimina kutoka chupa ile. Akafifia, akazimika.

"Haya, Mjomba, na huyu hajawahi kuwaka?"

Alikichungulia kikombe muda mrefu. Halafu akamgeukia Anselmi. "Mkwe wangu, pole. Huyu mwanamke hutamshinda." Akainuka. "Asubuhi mje na jembe."

Jembe nimeshaliegemeza mlangoni. Anselmi amelala, anatabasamu usingizini, na mimi nazima taa nikalale kando yake.