Heri ya Namba Mbili

Manyoni, siku ya mwisho ya mwaka. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na chumba cha telegramu kinanuka makoti mabichi.

Nina upweke leo, daftari langu, na sina mwingine wa kumwambia.

Wiki nzima nimetuma heri za Kiingereza. Tumeletewa orodha ya salamu zilizotungwa tayari, kila moja na namba yake. Mteja anachagua, mimi nagonga namba tu, na karani wa upande wa pili anaandika maneno yote. Namba moja ni "Hapi Nyu Iya". Namba mbili inamtakia mtu afya, amani na ufanisi. Namba tano inasifu kengele za kuuaga mwaka wa zamani na kuukaribisha mpya. Hapa kengele ni ya stesheni tu, na inagongwa treni ikikaribia. Watu wanazipenda salamu hizi hata hivyo. Kiingereza cha namba hakina makosa.

Mchana akaja mama mmoja mzee na jembe lake, katoka kupalilia. Nikampa shikamoo. Mwanawe yuko Tanga kwenye mkonge, siku nyingi hajaonekana. Nikamsomea orodha yote kwa Kiswahili.

"Ya kumwambia arudi ni ipi, mwanangu?"

"Hiyo haipo, mama."

Akafikiri. "Na wewe, mama yako unamtumia ipi?"

"Namba mbili."

"Anaielewa?"

Nikajifanya natafuta kalamu.

Ngoja nikiri hapa. Mwaka wa nne huu sijakanyaga kwetu Kiomboi. Habari ya kifo cha baba niliipokea mwenyewe kwenye mashine hii. Lilianza jina langu, nikadhani karani mwenzangu wa Singida ananitania. Nikaendelea kuandika herufi moja moja mpaka mwisho. Wa kunipokea zamu alikuwa mgonjwa, nikabaki kazini, nikakosa mazishi. Baadaye nikaona haya kurudi, na kadiri nilivyokawia ndivyo haya ilivyozidi. Kila mwaka mpya namtumia mama namba mbili. Nadhani humpelekea mwinjilisti amsomee.

Hajawahi kujibu.

Yule mama nilimwandikia maneno yake mwenyewe: "Mama yako bado yupo. Njoo." Alipoondoka nikachukua fomu nyingine. Mzungu mmoja wa reli aliwahi kunieleza kwamba kwao mwaka ukianza mtu hufungua ukurasa mpya na kuweka nadhiri. Mimi nimeharibu kurasa tatu kabla ya kupata moja.

"Mama, nisamehe. Nakuja na lori la Jumamosi."

Nimekwisha kuigonga. Mwenzangu wa Singida akauliza kama nimesahau namba. Nikamjibu kwamba hii haina.

Tarishi ataipeleka Kiomboi kesho, na siwezi tena kuirudisha. Nitafika mlangoni, nitabisha hodi kama mgeni. Je, mama ataitikia?