Matembezi ya Bure na Glory Chini ya Misufi

Jumamosi, mwezi wa tatu, Guangzhou. Mvua haijanyesha lakini kuta zinatoka jasho, sakafu inateleza, na nguo nilizofua juzi bado zinanuka ubichi kwenye kamba.

Niseme mapema ili wenye wivu waanze kuumia: mimi ndiye baba mwenye bahati kuliko wote mji huu. Mwanangu Glory, hata miaka miwili hajafika, hanibanduki. Watoto wa wenzangu wanawalilia mama zao, wangu analia nikiingia chooni. Nimepita Dubai, nimepita Istanbul, nimelala kwenye viwanja vya ndege ambavyo nyie mnavisikia tu, na sijaona mtoto anayempenda baba yake namna hii.

Basi leo Mama Glory kaenda Xintang kukagua jinzi kabla hazijaingia kwenye kontena. Nikabaki na mtoto. Mimi na yeye tu, kwa mara ya kwanza.

Wengi hapa wanadhani kumtoa mtoto ni mpaka ulipie zile bembea za ndani ya maduka makubwa. Mnaliwa, ndugu zangu. Msimu huu bustani ni bure, na misufi imetoa maua mekundu makubwa kama kikombe. Yanadondoka yenyewe, pu, pu, na bibi wa Kichina wanayaokota wakayaanike kwa ajili ya supu. Kivuko cha mtoni ni sarafu mbili tu na upepo wote wa mto unaupata humo. Nikafunga ndizi, mayai ya kuchemsha, maji na nepi. Nikatoka nyumbani kama tajiri.

Kwenye kivuko Glory alijisogeza mbali nami kadiri mkono wangu ulivyomruhusu, akawa anautazama mlango tuliouingilia.

Acha niseme vizuri. Walifika mwezi uliopita kutoka Kahama, yeye na mama yake. Alipozaliwa mimi nilikuwa huku. Nilimshika mara ya kwanza uwanja wa ndege, akapiga kelele mpaka askari wakageuka. Mama Glory ni mtu wa maneno machache, na juzi aliyatumia machache hayo: "Baba Glory, mtoto asipokuzoea, viza ikiisha tunarudi. Siwezi kumlea mtoto anayeogopa nyumba yake."



Kwa hiyo leo nilikuwa kwenye mtihani, na mitihani haijawahi kunipenda tangu darasa la saba.

Bustanini mambo yalianza vizuri. Aliokota ua, akaniangalia, akaokota jingine. Nikamenya yai, akala kidogo, nikampa na ndizi. Halafu wingu likawa jeusi, nikasema twende. Akang'ang'ania jiwe alilokalia. Nikimsogelea, anasogea nyuma. Nikichuchumaa, anageuza uso.

Hapo nikafanya kosa la mfanyabiashara.

Kule Shahe kwenye nguo za jumla, ukitaja bei laoban, yaani mwenye duka, akakataa, unageuka unaondoka. Hutazami nyuma. Ukitazama nyuma umekwisha, kajua unaitaka. Unatembea pole pole kama mtu mwenye maduka mengine kumi ya kwenda, na kabla hujafika kona anakuita kwa bei yako. Mgongo wangu huu ndio uliolipia nyumba ya mama yangu. Basi nikasema, "Haya, baba anakwenda zake," nikageuka.

Sikuitwa.

Nikasogea tena kidogo, masikio yote yako nyuma. Nasikia muziki wa wale bibi wanaocheza uwanjani. Nasikia ua likidondoka. Nikashindwa, nikageuka. Jiwe lipo. Ndizi ipo. Mtoto hayupo.

Chini kidogo kuna bwawa la samaki wa rangi. Nilikimbilia huko kwanza. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na nikasimama pale nisijue maji kutulia ni habari njema au mbaya. Nikaita Glory, Glory, kwa sauti ambayo sikuijua. Watu walinipisha, lakini hakuna aliyeelewa ninachotafuta.

Alikuwa nyuma ya ua wa michongoma, kwenye benchi, mapajani mwa bibi mmoja, nainai kama wanavyoitwa na wajukuu wa hapa. Nainai alikuwa amemchomekea kitaulo mgongoni, ndani ya fulana, jasho lisimtie baridi. Hapa ndivyo wanavyofanya kwa watoto wote. Glory ameshika kapu la maua la huyo bibi, ametulia. Sijawahi kumwona ametulia hivyo akiwa na mimi.

Nikanyoosha mikono. Akaficha uso kwenye koti la yule bibi, akalia kilio cha mtoto anayeibiwa.

Nainai akamkumbatia na kunigeuzia bega. Watu wakasimama, simu zikainuliwa. Akaja mlinzi wa bustani, akanyoosha kiganja kati yangu na mwanangu.

Kichina changu ni cha sokoni. Najua kukataa bei na kuulizia rangi nyingine, lakini sijui kusema huyu ni damu yangu. Nikasema "wo de, wo de", wangu, wangu, na nikajisikia mwenyewe: ndivyo ninavyosema nikigombea mzigo godauni. Nikajaribu programu ya kutafsiri. Ikatamka kitu, wakatazamana, mlinzi akasogea karibu zaidi.

Simlaumu yule bibi. Alifanya kile ambacho ningemwomba mtu yeyote amfanyie mwanangu. Haya nayasema sasa hivi nimekaa. Pale nilitaka kumpokonya tu.

Nikampigia Mama Glory kwa video. Hapokei, kelele za mashine huko. Nikapiga tena, nikaishika simu juu waone ninampigia mtu. Ikawa inaita, na wakati inaita kioo chote kilijaa sura yangu mwenyewe, imelowa jasho.

Glory akainua kichwa.

"Baba," akaiambia simu.

Tangu azaliwe, kila jioni kwa video, mimi nilikuwa naishi humo. Mlinzi akatazama kioo, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo. Mikono ya nainai ikalegea. Glory akateremka, akatembea kwa ile miguu yake ya kuyumba mpaka kwenye simu, akaibusu. Mimi nilikuwa nimeishikilia kwa pembeni.

Kisha ikakata, sura ikapotea. Akaigeuza anitafute upande wa nyuma.

Nainai alikirekebisha kile kitaulo, akanigombeza kwa muda mrefu. Sikuelewa neno hata moja na nilikubali yote. Tukarudi nimembeba, kamera imewashwa mbele yetu njia nzima, mkono umekufa ganzi. Hakulia. Hakunitazama pia.

Mama Glory aliporudi akauliza siku ilikuwaje. Nikasema safi. Akakiona kitaulo, akauliza cha nani. Nikamweleza yote, mpaka bwawa. Akajifuta buluu ya jinzi vidoleni.

"Jumamosi ijayo nenda naye tena," akasema. "Na usimpe mgongo."

Sijui kipi kitaisha kwanza, viza au woga wake. Kesho asubuhi simu nitaifungia kabatini, nitakaa naye sakafuni, hata kama mpaka mchana.

Na lile nililoandika hapo juu, kwamba mwanangu hanibanduki, ni uongo. Mwanangu ananiogopa.