Kinanda cha Akina Mama Kinawaka, Hakilii

Manyoni,
Jumapili, baada ya ibada ya pili.

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekaa mlangoni kwa mama mdogo, karatasi nimeiweka juu ya sinia nililoligeuza, na upepo wa huku unataka kuinyakua kila ninapoinua mkono. Goti lako linaendeleaje? Bado unalikanda kwa maji ya moto kama walivyokuambia zahanati, au ukishika jembe unasahau? Na baba, kikohozi kimemwacha? Sisi hapa ni wazima. Mama mdogo anasema nimekonda, baba mdogo anasema nimerefuka, nafikiri wanasema kitu kimoja. Shuleni naendelea vizuri isipokuwa fizikia, ambayo bado inanisumbua. Nyumbani kwa majirani wanaongea Kigogo siku nzima, nami nimeanza kukisikia, ila nikiota bado naota kwa Kinyiramba.

Mama, ninachotaka kukuandikia ni habari ya kinanda. Siku tuliyokinunua baba mdogo alikupigia simu nami nilikuwa nimesimama karibu yake. Nilikusikia ukiuliza, "Kinalia?" Naye akakujibu kwa furaha, "Shemeji, kinawaka hicho! Taa tupu!" Halafu nikasikia vigelegele vya akina mama waliokuwa nawe hapo. Kuwaka ni kweli kinawaka. Kulia hakilii. Usimkasirikie baba mdogo, hakukudanganya. Siku ile hata yeye alidhani ni jambo moja.

Nakueleza tangu mwanzo ili ukiwaeleza wenzako wa kwaya usikwame.

Mliponitumia ile pesa ya alizeti na kuku, nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Danieli, yule anayenifundisha kinanda hapa kanisani. Akaniambia nitafute kinanda kidogo, hata kilichotumika, mradi vitufe vyote viwe vizima. Tukapiga simu duka moja la Dodoma. Pesa yetu haikufika hata nusu ya kinanda chao kidogo kabisa. Fundi redio wa hapa stendi alikuwa na kimoja kikubwa, lakini vitufe vya katikati vimekufa. Unapiga wimbo vizuri, ukifika katikati unakuta pengo kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele. Dukani kulikuwa na cha watoto, ukibonyeza kinaimba chenyewe, na mbwa anabweka ndani yake. Baba mdogo akasema, "Hicho akina mama wakapigie harusi ya kuku."

Ndipo ikafika siku ya mnada. Kuna kaka mmoja anauza vifaa vya umeme vya mtumba, anavitandaza kwenye turubai. Kati ya pasi na saa za ukutani kulikuwa na kinanda cheusi, chembamba, vitufe kama vipya, na juu yake vishikio vya kuzungusha. Akachomeka waya kwenye betri ya kuchajia simu, kikawaka bluu na nyekundu.

Nikauliza, "Kaka, sauti yake iko wapi?"

"Mdogo wangu, unasoma?"

"Ndiyo, kidato cha tatu."

"Na hawajakufundisha? Kinanda cha kisasa hakina spika tumboni. Sauti inatokea kwenye spika za kanisa. Kanisani kwenu hakuna spika?"

"Zipo," akajibu baba mdogo.

"Sasa mzee wangu, unataka spika ngapi?"

Watu wakacheka. Baba mdogo naye akacheka, mkono ukaingia mfukoni. Nilitaka kusema tukakijaribu kanisani kwanza, lakini yule kaka alikuwa ameshasema kuna mwimbaji wa Itigi amekwenda kutafuta pesa, atarudi kukichukua saa yoyote. Na mimi, mama, nilikuwa nimeshakipenda. Vitufe vyake ni laini, vinashuka na kupanda chini ya kidole bila kelele.

Kanisani Mwalimu Danieli alikigeuza pande zote akitafuta tundu la waya wa spika. Halipo. Kuna tundu moja tu, la waya wa kompyuta. Akakiweka chini taratibu.

"Eliwaza, hiki hakina sauti yake. Hiki ni mkono. Kinaiambia kompyuta ilie, kompyuta ndiyo inayolia."

Baba mdogo akauliza, "Kwa hiyo nimenunua mkono?"

"Umenunua mkono, mzee."

"Na mwili wake?"

"Unauzwa peke yake."

Mnada uliofuata tulikirudisha. Yule kaka alisema hakumficha mtu kitu, aliuza kinanda na kinanda tumepata. Pesa hana, ila kwa moyo mzuri anaweza kutupa pasi mbili na saa ya ukutani. Baba mdogo alimpandishia sauti mpaka watu wakajaa, halafu ghafla akakibeba kinanda, tukaondoka. Alitaka kuuza baiskeli yake awarudishieni pesa. Mama mdogo akamkatalia, maana ndiyo anayoendea kazini. Tangu hapo hatanii tena mezani. Nikimsalimia anaitika, kisha anatazama pembeni.

Mwalimu Danieli hakuchoka upesi. Aliazima kiwaya kidogo, akakiunganisha kinanda na simu yake. Mama, sauti ikatoka! Nzuri, ya kujaa. Machozi yalinitoka. Lakini inachelewa. Unabonyeza, kinafikiri, ndipo kinaitika, kama mtu unayemwita naye yuko ng'ambo ya korongo. Tukajaribu ule wimbo wenu wa mavuno. Mpiga ngoma wa hapa alivumilia ubeti mmoja, akaweka fimbo chini, akasema, "Huyu mwenzetu ataimba kesho." Tukajaribu wimbo wa polepole, nikawa nabonyeza kabla ya sauti za watu. Nilipata beti mbili, kisha nikapotea, sikujua tena kama niko mbele au nyuma.

Mwalimu anasema simu yenye nguvu ingesaidia. Nikaulizia bei yake. Ni kama ya kile kinanda cha Dodoma. Hivyo tumezunguka tukarudi pale pale, na pesa hatuna.

Ninajua mmeshasema kwa watu. Ninajua kwaya ya mtaa wa pili, wale wanaowaita ninyi kwaya ya debe kwa sababu mna ngoma tupu, wameshasikia kwamba safari hii mnakwenda na kinanda kwenye tamasha la kwaya Kiomboi, na kwamba kwa sababu hiyo mmepangwa kuimba mchana watu wakiwa wamejaa, si asubuhi kabla hawajafika. Nikiwa darasani nawaona mmesimama pale, sare zimenyooshwa, mnangoja kitu kilie. Nimewaza kila upande. Sioni njia ya kukipatia sauti kabla ya siku hiyo, na sitaki uendelee kutumaini kwa sababu yangu.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, waambie akina mama sasa, usingoje nifike. Wakikasirika ni haki yao, kuku walikuwa wao na alizeti ilikuwa yao. Shule ikifunga, siku chache kabla ya tamasha, nitakuja nacho, nitakiweka mbele yao, waamue kama tukiuze au tukihifadhi. Kila jioni bado nafanya mazoezi juu yake bila sauti ili vidole visisahau. Mama mdogo anasema anasikia tok tok tu, kama panya.

La pili, msijitoe. Nendeni na ngoma yenu. Tangu Mama Yohana ahamie Igunga, sauti ya pili mmebaki wachache. Naomba nafasi yake. Mimi si mwimbaji hodari, unanijua, lakini nitaimba pamoja nanyi, wala sitachelewa.

Nisalimie baba, mwambie shikamoo yangu. Nisalimie bibi, mama yake baba, umsomee barua hii polepole kwa sababu ya masikio yake. Msalimie kaka Petro aliyeko machimboni Sekenke, akipita nyumbani asikucheke kwa ajili ya jambo hili. Na mwenyekiti wenu wa kwaya, Mama Rehema, ambaye ndiye aliyesema kazi hii apewe msomi, mpe salamu kwa heshima. Kwake sijui niandike nini zaidi.

Ukishawaambia, nijulishe walivyosema, hata yakiwa makali.

Ni mimi, binti yako wa pili,
Eliwaza