Mgunga wa Mwari

Soweto, Moshi
9 Machi

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Gladness na watoto hamjambo. Huku tu wazima. Mama anaendelea na dawa na mguu umepungua kuvimba.

Salamu nimemaliza, kaka. Nina hasira, na sitaificha kwa sababu wewe ni mkubwa wangu.

Mwezi uliopita ulikuja ukalalamika kwamba mwari wanamaliza mpunga wako. Unajua kazi yangu ni kuwaonyesha wageni ndege, basi nilikaa nawe saa nzima. Nilikueleza kwamba mwari hawali mpunga. Hula samaki, huwachota kwa ule mfuko wa ngozi chini ya mdomo. Punje zako zinaliwa na kwelea kwelea. Nikakwambia mwari wa hapo Chekereni ni wale wadogo wa kijivu, wanaovua mmoja mmoja bwawani na kurudi kulala mitini, na kwamba sasa wana makinda kwenye mgunga mkubwa kando ya mfereji. Uliitikia, ukanywa chai, ukaniita mwalimu.

Kumbe ulikuwa unatafuta mti tu.

Jumanne nilifika na wageni wawili. Mgunga uko chini. Makinda, hata manyoya hayajaota, yametapakaa matopeni, na wazazi wao wanazunguka juu, wametoka kuvua, hawana pa kutua. Wewe umeshika msumeno, unakata matawi. Nilipokuuliza, ulinijibu mbele ya wageni wangu: "Ndege ni ndege, Eliona. Nenda nyumbani."

Sasa nasikia maofisa wa wanyamapori wamekuita, nawe umeamua kwamba jirani yako Rogath ndiye aliyekuchoma kwao. Umeishawishi kamati ya mfereji imfungie maji, na miche yake imeanza kugeuka njano. Mtu ana watoto wanne, Eliufoo!

Rogath hajui lolote. Ni mimi. Nilipiga picha siku ile ile, nikawapelekea maofisa kwa mkono wangu, nikaandika majina yako yote matatu, na langu chini yake. Wakiniita kutoa ushahidi, nitasimama.

Mama hajui. Nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

Wasalimie wifi na watoto, waambie nawapenda. Hasira zako zote nipe mimi. Rogath mfungulie maji leo.

Mdogo wako,
Eliona