Nguvu Zilizopimwa Mfungoni

Jumatatu, 8 Ramadhani 1315
Nimepimwa tena kwenye mizani ya kupimia pembe za ndovu, kisha nikapanda baiskeli ya daktari wa Kizungu. Gurudumu la nyuma limeinuliwa, haliendi popote. Mkanda unalibana, na jiwe linaning'inia mkandani. Nakanyaga, daktari anahesabu mizunguko. Anataka kujua mtu hutumia nguvu kiasi gani, na chakula kiasi gani kinazirudisha. Mzungu ana kazi zake.

Mchana Feruzi, nyapara wa wapagazi, alimchapa mdogo wangu Salumu, mpagazi wake, viboko kwa kuketi na mzigo. Salumu amefunga. Feruzi akasema saumu ni kisingizio cha wavivu. Watu walicheka. Namchukia. Atanitambua.

Jumanne, 9
Nimemwomba daktari atupime mimi na Feruzi. Yeye ameshiba, mimi nimefunga. Daktari amefurahi kuliko nilivyotaraji. Feruzi amekubali mbele ya wapagazi wote. Hawezi tena kukwepa.

Jumatano, 10
Daku nimemaliza sinia zima la wali na samaki. Peke yangu. Mke wangu alinitazama tu.

Asubuhi daktari alipima wali wa Feruzi, kijiko kwa kijiko. Akaniuliza kama nimekula leo. Nikasema nimefunga. Akaandika duara kwenye karatasi, yaani hakuna kitu. Nililiona. Nikaliacha, nikaenda kungoja zamu yangu.

Feruzi alikanyaga kwa pupa, akashuka, akatapika pale uani. Wapagazi walimzomea. Mimi niliendelea mpaka daktari mwenyewe akaniambia basi. Roho yangu kwatu.

Ijumaa, 12
Feruzi ametangaza amri. Daktari amethibitisha kwamba mtu aweza kufanya kazi asubuhi nzima bila kula. Posho ya mchana ya wapagazi imefutwa. Alitaja jina langu mara mbili, kwa sauti. Mwanaharamu.

Nilimkimbilia daktari, nikamweleza habari ya daku. Alinisikiliza vizuri. Akasema karatasi zimekwenda kwa wakubwa wake na mtumbwi wa jana.

Jioni Salumu alikuja. “Yaya, kaka yangu, njo weye, weye mwenyewe, uliwaambia tunaweza kazi bila kula?” Naona aibu.

Jumapili, 14
Msafara wa wapagazi umeondoka kwenda Kabambare. Mvua kidogo. Salumu alinipita, mzigo kichwani, hakugeuka. Feruzi alikuwa mwisho wa mstari. Alinipa mkono, akanishukuru kwa kipimo kile. Nikaupokea.