Waya Mfukoni mwa Baba

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye mwili wake hauna tatizo ila moyo unamwasha kama aliyevaa shati la gunia. Wewe hujambo? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu, ameshaota yale meno ya mbele au bado anatuchekea kwa pengo? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana, na amenisimamia hapa akisema nikuandikie ukweli mtupu, nisitie chumvi. Kwa hiyo ukifika mahali ukaona pana ladha kupita kiasi, ujue hapo alikuwa ametoka kidogo kuanua nguo.

Najua utashangaa kupata barua. Simu ninazo, tena mbili, na zote nimezifufua kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini haya ninayokuletea yanataka mtu asikatizwe, na wewe kwenye simu unakatiza kama refa. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujafunga hata begi moja la ile safari yako ya mwisho wa mwezi.

Nianze na masikio ya Baba. Mwaka huu yalizidi. Televisheni aliipandisha sauti mpaka majirani wasio na televisheni wakawa wanajua habari za dunia kuliko wenye nayo. Wewe ndiye uliyeniambia nifanye kitu, na hapo dada ulikuwa umepiga hodi kwenye mlango wenyewe. Shule niliachia darasa la sita, kwa sababu mimi na mwalimu hatukuelewana nani anajua zaidi, lakini miaka kumi na moja niliyozunguka na bendi nikiwa fundi mitambo haikwenda bure. Nimevuka mipaka nimelala juu ya maspika. Wahandisi wenye vyeti vya ukutani wamenishikia tochi nikilehemu. Sijisifu, nasema yaliyotokea.

Nikaanza na pleya ndogo ya muziki, saizi ya kiberiti, na vile visikilizio vya kuchomeka masikioni. Baba akavaa, akatikisa kichwa kwamba hapana. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, bado hapana. Basi nikaiteremsha kutoka darini ile amplifaya ya bendi, ile iliyokuwa inatetemesha madirisha ya ukumbi, nikaunganisha. Namshukuru Mungu visikilizio vilikuwa kwenye kiganja changu, si kwenye sikio la mtu. Vilitoa ukelele wa panya aliyekanyagwa mkia, vikanuka, vikafa.

Hapo ndipo nilipotulia nikatumia akili. Visikilizio vidogo vinataka kulishwa kwa kijiko, hedfoni kubwa zinataka upawa, na mimi nilikuwa namwaga kwa ndoo. Nikapata hedfoni za studio moja iliyofungwa, nzito, zenye mito laini kama kochi la tajiri. Pleya peke yake haikuziweza, ilisikika kama mtu anaongea ndani ya tangi la maji. Nikaketi siku nne, huku nikimtangazia kila apitaye kwamba Baba atasikia, nikatengeneza amplifaya ndogo ndani ya kisanduku cha sabuni. Betri moja, kitufe kimoja cha kuzungusha, na kitaa chekundu, maana mteja bila taa haamini. Nikaunganisha pleya, kisanduku na hedfoni, vikakubaliana kama watu waliolelewa nyumba moja. Nilijaribu kwenye masikio yangu mwenyewe. Dada, nilikuwa namsikia mpiga gitaa akibadilisha vidole kwenye nyuzi.

Baba akavaa. Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, akatabasamu, akaninyanyulia kidole gumba.

Nilitoka nje sijavaa hata viatu. Nilimwambia kinyozi, nikamwambia muuza mkaa, nikamwambia na mtu aliyekuwa anapita tu akiuliza njia. Kinyozi akaagiza seti ya mama mkwe wake. Nikaandika bango nikalitundika kibandani kwangu: TUNARUDISHA MASIKIO.

Ni katika wiki hiyohiyo uliponitumia ile sauti yako uliyorekodi kumwomba Baba radhi. Sina haja ya kukukumbusha ya nyuma, ila kalamu ikishaanza haizuiliki. Miaka mitatu iliyopita Baba alilazwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri, na daktari wa masikio alikuwa ameshatuambia kwamba ile mashine yake ya randa kwenye banda la nyuma itamaliza kusikia kwake. Alivyorudi akakuta mashine imeuzwa, sakafuni yamebaki matundu manne ya bolti. Akakuuliza, ukasema ni wewe. Akakuambia usikanyage tena hapa. Hukukanyaga, na yeye jina lako hakulitaja tena mezani.

Basi nikaitia sauti yako kwenye pleya, dakika nne na ushei. Nikamvalisha Baba hedfoni kwa mikono miwili kama ninayemvika taji. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, akapangusa jicho, akanyanyua kidole gumba. Nami nikakupigia simu nikakuambia Baba amesema amekusamehe, uje. Ulilia, nikalia. Toka siku ile unanunua zawadi na mtoto anaulizia safari.

Sasa nifike Jumatano iliyopita. Asubuhi nilikuwa nimekichukua kile kisanduku kwenda nacho kibandani, kilikuwa na swichi iliyolegea. Mchana nikarudi kula. Mlangoni fundi cherehani, jirani yetu, akanichekea, akasema mzee wako leo yuko dansini tangu saa nne. Nikaingia. Baba yuko kitini, hedfoni kichwani, macho kafumba, mguu unapiga sakafu, uso umejaa tabasamu. Nikafurahi kwa hatua tatu. Halafu nikakumbuka kwamba amplifaya iko ndani ya begi langu.

Mazoea ya kazi ni kufuata waya. Nikaufuata kwa macho kutoka sikioni, ukapita kifuani, ukapita kifungo cha pili, ukaingia mfuko wa shati. Nikauvuta. Ikatoka pini tupu. Pleya ilikuwa mezani, imezimika.

Baba akafumbua macho, akaiona pini mkononi mwangu, akafanya sura ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nikamuuliza tangu lini. Hakunitazama machoni, alinitazama mdomo, na hapo hapo nikaelewa kitu ambacho mtu mwenye akili zangu angekielewa zamani. Dada, kule kiwanda cha mbao alikozeekea, mashine zikishawaka hakuna anayetumia masikio. Wanasomana midomo. Mtu anaagiza chai kutoka upande wa pili wa uwanja bila kutoa sauti na chai inakuja na sukari ileile. Baba ametusikia miaka yote hii kwa macho. Na mimi nikamletea chombo kisicho na mdomo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Ulikuwa umeshawaambia watu."

Wifi yako, aliyekuwa anapakua, hata hakushtuka. Kumbe alijua. Nilipomlaumu akanijibu akiwa ameshika upawa: "Wewe unasikiliza mashine, watu huwasikilizi. Mimi nikimpelekea chai huenda mpaka mbele yake, hujawahi kujiuliza kwa nini?" Jioni ileile nililing'oa bango, nikamwambia kinyozi atafute fundi mwingine wa mama mkwe.

Kwa hiyo dada, lipokee hili ukiwa umekaa. Baba hakuisikia sauti yako, hata neno moja. Alifikiri nimemwekea nyimbo za bendi, na jicho lilimwasha kwa sababu mto wa hedfoni ulikuwa unambana. Yale maneno ya msamaha niliyatunga mimi. Niliona kidole gumba nikakitafsiri ninavyotaka, kwa sababu nilitaka uje, na pia nilitaka kuwa mtu aliyewapatanisha. Hilo la pili linaniuma zaidi.

Ningeweza kukuficha. Ningeweza kukuacha ushuke na mabegi na mtoto mlangoni, halafu tuone uso wa Baba. Siku mbili nzima niliwaza hivyo, usinione mtu mwema sana. Jumamosi asubuhi nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake karibu na dirisha, magoti yanagusana. Nikavaa hedfoni mimi. Nikamwambia kuna maneno kutoka kwa binti yake, nami nitayasikiliza na kuyasema kwa mdomo wangu yanavyokuja, moja baada ya jingine.

Uso ulimkakamaa. Akatazama mlango. Lakini hakunyanyuka, wala hakufumba macho, na Baba akitaka kukataa kusikia, kufumba macho kunamtosha.

Nikabonyeza. Nikasema salamu zako. Nikasema habari za mtoto, na vile unavyomsimulia juu ya babu yake. Nikasema, "Baba, mashine niliiuza mimi." Niliyasema vizuri, nikisema mimi kama ulivyosema wewe. Halafu ukafika pale unaposema, "Peke yangu, hakuna aliyenisaidia, usimshuku mtu." Nikasimamisha pleya.

Dada, mimi na wewe tunajua. Mnunuzi nilimleta mimi. Zile bolti nilizifungua mimi, kwa spana yangu, wewe umeshika taa. Baba alipouliza ulitangulia mbele yangu ukajibu, na jikoni ukaniambia kwa kunong'ona kwamba mimi nina mke na mtoto mchanga chini ya paa hili, wewe una pa kwenda. Nami, nisiyekosa la kusema kwenye meza yoyote ya watu, nikatazama kucha za miguu kwa miaka mitatu. Na bado, hata kwenye hiyo sauti ya kuomba radhi, ulikuwa unanifunika.

Baba alikuwa amenikodolea mdomo, anangoja, na mdomo haujongei. Nikavua hedfoni.

"Baba, si peke yake. Mnunuzi nilimleta mimi, na bolti nilifungua mimi. Yeye alinisitiri."

Akaniomba nirudie polepole. Mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya juu asiyoijua, mpaka cherehani ya jirani ikasimama:

"Ile mashine ndiyo kitu cha mwisho nilichokuwa nakisikia."

Akaeleza, na mimi nakueleza kama alivyosema. Masikio yalikuwa yamekwisha kabla hata ya hospitali. Miaka ya mwisho ya Mama alikuwa anamsoma mdomo, hata Mama mwenyewe hakujua. Lakini mashine ya randa ilikuwa inampitia kwenye ubao, inapanda mikononi, inafika kifuani, na ikinguruma alikuwa anajiona bado yumo. Alipokuta yale matundu manne alijua kimya kimekamilika; hata televisheni aliipandisha akitafuta mtetemo ule, asiupate. Kusema hivyo kulikuwa sawa na kukiri kwamba ni kiziwi, na hilo lilimshinda. Akaona rahisi kusema binti yangu kanifanyia ubaya. Alisema alijua anakuonea siku ileile unafunga mabegi, akakaa bandani mpaka gari likaondoka, na hakulisikia likiondoka.

Akaniashiria kwa kidole nivae hedfoni, nimalizie ujumbe. Nikavaa. Mwishoni kumbe ulimpa mtoto naye aseme, nami nikalazimika kumwita Baba yangu mzazi babu, kwa sauti nyembamba, na pengo nikalitengeneza kwa ulimi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akataka nirudie. Nikarudia mara tatu, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa sikia vizuri. Neno nimesamehe hakulitamka, si kwako wala kwangu, na safari hii sikutafsirii kitu. Kwangu bado ananinunia kidogo, chumvi ananiomba kupitia kwa wifi yako, na nina haki ya kununiwa. Kuhusu wewe, nilichukua kalamu palepale nikaandika maneno yake mgongoni mwa pakiti ya betri nisije nikayapamba. Nayanakili:

"Mwambie aje. Asifike usiku, aje mchana kuna mwanga. Atakaa upande ule wa dirisha, mimi nitakaa huku. Na asijifunike mdomo anapocheka kama alivyozoea. Alikuwa ananinyima maneno."

Kwa leo kalamu naiweka chini, mkono umechoka kusema kweli. Msalimie sana shemeji, na mpwa wangu mpe busu upande wa pengo. Nakungoja mwisho wa mwezi. Kiti cha dirishani Baba ameshakihamisha mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Fundi Mawimbi