Vidonge Ulivyovifungia Kashani

Kwa mke wangu, Mama Zuhura, Miteja.

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na watoto wetu watatu, na saumu iwe nyepesi kwenu. Mimi mzima, ila mikono. Mkonge wa huku Tanga hauna huruma. Ncha zake zimenitoboa hadi kalamu naishika kwa vidole viwili. Usiucheke mwandiko.

Kwanza nikupe furaha yangu. Barua yako niliitambua kabla ya kuifungua, maana maandishi ya bahasha yalikuwa yanapanda mlima. Nikasema, huu si mkono wa mwalimu aliyezoea kukuandikia. Kumbe darasa la watu wazima hapo kijijini limekufikisha huko, mke wangu! Nimeisoma mara nne. Zamani kila nililokuandikia lilipita kwanza machoni pa mwalimu, ndiyo maana nilikuwa nauliza habari za mvua na mikorosho tu. Leo naandika ya chumbani. Soma peke yako.

Ulinieleza kwamba vile vidonge vya uzazi ulivyopewa zahanati umevifungia kashani. Ulisema mume hayupo, tena Ramadhani inaingia na kumeza mchana ni kuvunja saumu, basi utaanza tena siku nitakapofika kwa Idi. Nisikufiche, nilifurahi. Nikajisifu kuwa nina mke mwenye akili, hapotezi dawa bure.

Juzi mwiba ulinivimbisha kidole, nikaenda zahanati ya shamba. Kumbe ni siku ya akina mama wajawazito. Nikakaa benchi moja nao. Mmoja akaniuliza, "Baba, na wewe wa miezi mingapi?" Wakaangua kicheko. Ilipofika zamu yangu ya kutazamwa kidole, mlango ukiwa wazi, nikamjibu yule mama kwa sauti ili wote wasikie, "Kwangu hakuna mambo hayo. Mke wangu ana vidonge, tena anavitunza mpaka nirudi."

Muuguzi, mama mtu mzima wa Kisambaa, akauacha mkono wangu hewani. "Anavitunza?"

"Ndiyo mama. Ataanza kumeza nikifika."

"Kama kwinini? Mpaka homa ije?"

"Ndiyo mama."

"Basi tafuta jina la mtoto, baba."

Wenzangu wa benchi walicheka tena. Mimi nilishindwa kucheka. Niliikumbuka siku aliyozaliwa Bakari, tulivyokubeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, damu ikidondoka njia nzima, nawe ukiniuliza kwa sauti ndogo kama Zuhura amekula. Nilikumbuka na maneno ya daktari, kwamba mimba nyingine ikija mapema inaweza kukuchukua. Nikamweleza muuguzi yote hayo. Akafunga mlango, akanisomesha taratibu, kama anavyostahili mtu aliyeishia darasa la tatu.

Alisema hivi. Kwa kawaida mwanamke hutoa yai moja kwa mwezi, na amri ya kulitoa inaanzia kichwani. Amri hiyo inasafiri kwenye damu. Chenye kuibeba alikiita homoni. Ndani ya kidonge mna homoni pia. Ukimeza kila siku, kichwa kinapata habari kwamba hakuna haja ya yai, na yai halitoki. Tena ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito, mbegu ya mume inakwama hapo. Na ukuta wa ndani wa kizazi unabaki mwembamba.

Mimi nimeielewa kwa mfano wa balozi wetu wa nyumba kumi. Akipita kila siku, kila mtu ametulia. Asipopita siku kadhaa, watu wanaanza mambo yao. Kwako balozi hajapita tangu ulipofunga kasha. Ukimwita siku ninayoshuka kwenye basi, atakuta shughuli imeshaanza.

Nikamwuliza na lile wanalosema watu, kwamba vidonge hurundikana tumboni kama kokoto. Akacheka sana. "Vingekuwa vinarundikana, si angemeza kimoja tu kwa mwaka? Vinayeyuka kama chumvi, na nguvu yake inaisha. Ndiyo maana ni kila siku, mume awepo asiwepo."

Basi fanya hivi. Siku utakayopata barua hii, fungua pakiti mpya, usiendelee na ile uliyoikatisha. Mimba huna, maana mimi niko huku tangu masika, na kwa hilo sina wasiwasi nawe. Anza na vyeupe. Vile vya kahawia vya mwisho ni vya kuongeza damu tu. Meza baada ya futari, saumu yako itabaki salama. Kichefuchefu cha mwanzo kitapungua, ila ukiumwa kichwa sana au mguu ukivimba, nenda zahanati upesi. Na mpaka zitimie siku saba mfululizo, tusihesabu kwamba una kinga.

Barua nampa Selemani tunayelala naye chumba kimoja, anatangulia kwao Mingoyo na atashuka hapo akupe mkononi. Nimeibandika kwa ugali. Ukikuta imefunguliwa, mchambe.

Mpe mama shikamoo yangu. Najua anakuuliza mbona tumbo limetulia. Usibishane naye. Mwambie amwulize mwanawe, mimi ndiye niliyesema. Msalimie kaka yako, asante kwa kuezeka jiko. Zuhura na anayemfuata waambie vitambaa vyao vya Idi nimeshanunua, na Bakari mbusu shingoni, pale anapocheka.

Kila ukimeza, chora mstari mmoja wa mkaa kwenye mwimo wa mlango wa jiko. Nikifika nitapita huko kwanza, kabla ya kutua mzigo. Nikikuta mistari saba, nitaingia ndani. Nikikuta sita, nitandikie mkeka barazani, na watoto wakiuliza waambie baba anasikia joto. Miezi yote hii nimelala peke yangu, mke wangu. Usiku mmoja zaidi hautaniua, na wewe nakutaka hai.

Mumeo,
Baba Zuhura